Umeokoka na unaishi Nairobi? Jua unachoamini kabla ya kufuata pasta yeyote

Nairobi hukosi mtu wa kukuhubiria. Saa ya lunchi pale bustani ya Jeevanjee katikati ya mji utawakuta, wengine wanaingia kwa matatu na Biblia mkononi kabla gari halijajaa, jioni spika zinaanza mtaani, na ukifungua simu usiku kuna pasta yuko laivu anakwambia weka mkono kwa skrini upokee. Mtu akishaokoka tu hapa mjini, kila rafiki anamvuta kwa kanisa lake na kila kanisa linasema ukweli wote uko hapa. Mimi nafundisha darasa la waamini wapya huku Eastlands, ni miaka sasa, na kitu kinaniuma ni kwamba mtu anajua sauti ya pasta wake, anajua kwaya, anajua kesha ni Ijumaa gani, lakini ukimuuliza kwani wewe unaamini nini hasa, anaangalia chini. Si ati hana imani. Anayo, tena ya moto kuliko ya wengi wetu, ni vile hakuna mtu alikaa naye chini akamwonyesha kipi ni cha msingi na kipi kila kanisa linajifanyia kivyake.

Na ya msingi ni machache jameni. Ukiyashika unaweza kukaa kanisa lolote ukijua unakula nini.

Kwanza elewa hii imani haikuanza na kanisa lenu, hata kama lina hema kubwa kiasi gani. Kwamba Mungu ni mmoja, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na kwamba Yesu ni Mungu kweli na ni mtu kweli, Wakristo walikiri pamoja kitambo sana, mkutano wa Nikea ulikuwa mwaka wa 325. Kwamba mtu anahesabiwa haki kwa imani, yaani Mungu anamkubali kwa kuamini na si kwa matendo yake, ndiyo vita ya kina Martin Luther kule Ujerumani kuanzia 1517. Huku kwetu, viongozi wa makanisa ya kiinjili (evangelical) kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana hapo tu Limuru mwaka wa 1966 wakaanzisha umoja wao, na mwaka wa 1974 wenzao wa dunia nzima wakakutana Lausanne, Uswisi, wakatoa agano la vipengele 15 ambalo mpaka leo makanisa mengi ya kiinjili yanaliheshimu. Mwanahistoria mmoja wa Uingereza, David Bebbington, aliandika mwaka wa 1989 kwamba ukiwaangalia Wakristo wa kiinjili miaka yote utaona mambo manne: wanashika Biblia, wanaweka msalaba katikati, wanaamini mtu lazima aokoke yeye mwenyewe, na hawakai kimya, wanatoka kuhubiri na kuhudumia watu. Ukiona hayo manne utakumbuka shosho yako wa ushirika, ile jamii ya waliookoka kwa uamsho wa zamani, juu ndivyo walivyoishi hata bila kusoma kitabu cha mtu yeyote.

Sasa Biblia. Tunaamini ni Neno la Mungu na ndiyo ina usemi wa mwisho, juu ya pasta, juu ya askofu, juu ya nabii, juu ya ndoto yako pia. Watu wote wanasema amina hapo, shida inakuja Jumapili pasta akisoma mstari mmoja halafu anafunga Biblia na anaongea saa nzima vitu haviko kwa huo mstari. Soma Matendo 17:11, watu wa Beroya walimsikiliza Paulo, Paulo mwenyewe, na bado wakaenda kuchunguza maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo, na wanasifiwa kwa hiyo. Kwa hivyo mtu akikwambia usiguse masihi wa Bwana kwa sababu umeuliza swali kwa heshima, jua huyo anaogopa kitu. Mimi darasani nawaambia wasome mstari wa juu na wa chini, kisha sura yote. Hiyo peke yake inatatua mambo mengi sana.

Kuhusu dhambi sitasema mengi, Warumi 3 inasema wote wamefanya dhambi, na mtu yeyote aliyekaa na watu kwa ploti ya choo kimoja anajua ni wote.

Msalaba ndio nataka tukae, kwa sababu hapo ndipo watu wanaibiwa.

Tunaamini Yesu alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, mahali petu, hukumu iliyokuwa yetu akaibeba yeye, na alipomaliza akasema imekwisha. Wakolosai 2:14 inaongea juu ya hati ya kutushitaki iliyofutwa na kugongomelewa msalabani. Ni kama una deni kwa duka la mtaa, jina lako liko kwa kile kitabu cha mwenye duka, halafu mtu anaingia analipa yote na lile karatasi linapasuliwa mbele yako. Ukiendelea kupeleka pesa kila mwisho wa mwezi kwa deni ambalo halipo, mwenye duka mwaminifu atakurudishia, na asipokurudishia basi ujue anafanya biashara na hofu yako.

Kulikuwa na mama mmoja darasani, anauza mboga karibu na steji, sukuma na nyanya na hizo mambo. Alikuja kwetu akitoka kanisa lingine ambapo aliambiwa mikosi ya watoto wake ni laana ya ukoo wa babake, na kila laana ina maombi yake na kila maombi yana mbegu yake, yaani pesa ya kutoa. Alinionyesha simu. Ujumbe wa M-Pesa umepangana hapo, mia tano, elfu moja, mia tatu, elfu mbili, na kwa siku zingine kiasi kilichobaki kwa simu kilikuwa chini ya shilingi hamsini. Alikuwa ameuza mtungi wa gesi akarudi kupikia makaa. Akaniuliza, "Mwalimu, hii yenyu ya hapa ni pesa ngapi ndio ikatike?" Nikamwambia mama, tusome kwanza. Tukafungua Wagalatia 3:13, Kristo alitukomboa katika laana ya torati, kwa kuwa alifanywa laana kwa ajili yetu. Nikamwambia asome tena yeye mwenyewe. Akasoma polepole na kidole chini ya maneno, kidole bado kina rangi ya sukuma kwa kucha, akafika kwa "alitukomboa" akasimama. Akauliza, "Kwa hivyo ilishafanyika?" Nikamwambia ndiyo mama, ilishafanyika. Alikasirika kabla afurahi, na nadhani alikuwa na haki ya kukasirika.

Wazee wetu walijua hii. Ule uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda ukafika kwetu, ulikuwa wa watu wa kawaida wanatubu hadharani, wanarudisha vitu vya wizi, wanatembea nuruni na wenzao, Mwafrika na mzungu wanaombana msamaha. Halafu ikaja hali ya hatari 1952, na kule Mkoa wa Kati ndugu wengi wa ushirika walikataa kula kiapo cha Mau Mau wakisema wao walishakunywa damu ya Kristo na hawawezi kuchanganya na nyingine. Wengine waliuawa kwa sababu hiyo. Na wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali ya mkoloni, kwa hivyo walichukiwa pande zote mbili. Unaweza kubishana na msimamo wao wa siasa, watu wanabishana mpaka leo, lakini huwezi kusema hawakujua wanaamini nini. Damu ya Yesu ilikuwa imewatosha. Sasa mimi nikiona mtu anauziwa chupa ya mafuta ati ndiyo itamkinga, roho inaniuma sana.

Kutoka hapo neema inaeleweka vizuri. Waefeso 2:8-9, mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo. Huwezi kuilipia kwa kufunga siku nyingi, wala kwa kutoa, wala kwa kukosa kuvaa suruali. Lakini tafadhali usiishie mstari wa 9, endelea wa 10, unasema tumeumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Kuna vijana wanasikia neema wanadhani ni ruhusa, Jumamosi wako wapi na Jumapili wanaongoza sifa. Angalia Zakayo, Yesu aliingia kwake kwanza, bado ni mwizi wa ushuru, na baadaye ndio akasema nusu ya mali nawapa maskini na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Huo mpangilio ndio injili. Ukiugeuza, ukisema rudisha kwanza ndio Yesu aingie, umetoka nje, na ukisema ameingia na hakuna haja ya kurudisha chochote, umetoka nje pia.

Kuhusu kuokoka kwenyewe, kuna watu wanateseka kwa sababu hawana tarehe. Wengine wanasimama kwa ushuhuda wanasema niliokoka tarehe fulani saa fulani kwa krusedi, na wewe ulilelewa Sunday school na mama anayeomba, hukumbuki siku ambayo hukumpenda Yesu. Usianze kujitungia ushuhuda wa bangi. Yesu alimwambia Nikodemo lazima azaliwe mara ya pili, hiyo ni lazima na kanisa la kiinjili halilegezi hapo, kubatizwa ukiwa mtoto ama kuzaliwa na wazazi waliookoka hakukuokoi. Ila hakusema lazima uijue saa. Swali ni la leo: unamwamini nani sasa, umetubu, Roho anakubadilisha ama hapana? Kama ni ndiyo, uko nyumbani, kaa.

Na alifufuka. Kwa mwili, kaburi likabaki tupu. Paulo anasema wazi kwa 1 Wakorintho 15 kwamba kama Kristo hakufufuka imani yetu ni bure, hakuacha mlango wa nyuma. Nimezika watu wa darasa langu, tumesimama makaburini Lang'ata kwa udongo mwekundu na mvua, na sijui ningewaambia nini watoto wao kama hiyo sura haingekuwa kwa Biblia.

Pia atarudi, na hapo chunga sana. Mathayo 24:36 inasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba. Yaani hata kama pasta ameota, hajui. Mwaka wa 2023 kule Shakahola, Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, wakiwemo watoto wengi, watu waliambiwa wafunge kula mpaka wafe ndio wakutane na Yesu. Wale hawakuwa wajinga, kulikuwa na watu wamesoma na wana kazi. Walichokosa ni mtu wa kuwafungulia Biblia awaonyeshe kwamba Yesu ndiye alikufa ili wao wasihitaji kujiua, na ilikuwa lazima mtu awaambie mapema. Ndiyo maana mimi sikubali mtu akiniambia mafundisho ni ya wasomi wa teolojia huko Karen. Mafundisho ni ya yule mama wa mboga.

Sasa kuna mambo si ya msingi na watu wa Nairobi wanaparurana nayo kwa WhatsApp mpaka usiku wa manane. Ubatizo kwa mfano. PCEA (Wapresbiteri) na ACK (Waanglikana) wanabatiza watoto, halafu wakikua wanathibitisha imani yao wenyewe, AIC (Africa Inland Church) na Wabaptisti wanasubiri mtu aamini ndio wamzamishe kwa maji mengi. Mimi niko upande wa maji mengi, na nina sababu zangu za Biblia, lakini siwezi kumwambia mzee wa PCEA aliyemtumikia Bwana maisha yake yote ati hajaokoka. Kunena kwa ndimi hivyo hivyo, Wapentekoste wanasisitiza, wengine hawasisitizi. Mitindo ya nywele, ngoma kanisani, mwanamke kuhubiri, haya yajadili, chagua kanisa linaloendana na dhamiri yako, lakini usimtupe ndugu nje. Ukikuta kanisa limeweka nywele na msalaba kwa mizani moja, hapo mimi ningeondoka.

Na ukitaka kujiunga mahali, enda Jumapili kadhaa bila kutoa namba yako ya simu. Sikiliza jina gani linatajwa zaidi, la Yesu ama la mwenye kanisa. Sikiliza kama kuna siku wamehubiri dhambi na toba ama ni mpenyo, ile ahadi ya mafanikio, kila wiki. Kisha muulize mzee mmoja wa kanisa baada ya ibada, pole pole tu, nisipokuwa na pesa ya kutoa kabisa, kuna baraka ya Mungu nitakosa? Muulize pia hesabu za sadaka zinasomewa washirika ama vipi. Kutoa ni kuzuri, mimi natoa na nafundisha watu watoe, lakini mtu wa neema hatakasirikia hayo maswali.

Kama hujawahi kusoma Biblia mwenyewe, anza na Marko, sura 16 tu, sura moja asubuhi kabla ya kushika simu. Ukimaliza enda Wagalatia, ni sura sita, kisha Warumi polepole na kalamu mkononi. Tafuta mtu mmoja wa kusoma naye, hata jirani wa kanisa lingine, na mahali hamwelewi andikeni swali mpelekee mtu anayefundisha.