Barua kwa binti yangu: Alikaa kwa nani?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma, na mara ya pili nikaisoma kwa sauti ili mama yako asikie kutoka jikoni. Unasema umepata nafasi katika kipindi cha televisheni, kuigiza msichana wa kazi aliyetoka Ukambani, na mwelekezi anataka uongee kwa lafudhi ya Kikamba mwanzo hadi mwisho. Unauliza kama ukikubali utakuwa unawadhihaki Wakamba. Tena unasema wenzako wamekwambia ni aibu, eti mambo ya lafudhi yaliisha na enzi za kina Mzee Ojwang, yule mchekeshaji wa televisheni.

Nitafika kwenye swali lako. Lakini Mzee Ojwang wamemtaja vibaya na hilo sitaliacha lipite.

Wenzako hawajui televisheni ilikuwaje wakati huo. Nchi nzima ilikuwa na stesheni moja. Iliitwa Sauti ya Kenya, ikageuka KBC mwaka 1989, na hata stesheni ya pili, KTN, ilipokuja 1990 mwanzoni ilikuwa ya watu wa Nairobi. Kwa hiyo kilichoonyeshwa jioni, kesho yake kimeonwa na kondakta, karani, mwalimu na meneja. Vichekesho vilikuwa viwili: kulikuwa na Vioja Mahakamani, kulikuwa na Vitimbi. Masanduku arap Simiti akipanda kizimbani, kwa lafudhi yake unajua kwao ni wapi kabla hajamaliza sentensi. Makokha vilevile. Na juu ya wote alikuwa Ojwang Hatari, na miwani yake na kofia yake na lafudhi ya Kijaluo, akibishana na Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, na kushindwa bila kukubali kwamba ameshindwa. Wajaluo wengi waliapa kwamba huyo ni wetu. Kumbe jina lake ni Benson Wanjau, Mkikuyu.

Hayo unayajua. Ambalo sikuwahi kukusimulia ni kwamba kuna wakati nilikuwa nikizima televisheni Vitimbi ikianza, na mama yako akawa anakwenda kuitazama kwa jirani.

Ilikuwa kabla hujazaliwa. Nilikuwa karani wa ghala katika kampuni moja eneo la viwanda, Nairobi. Kulikuwa na mkutano wa wiki ambapo kila idara inasoma hesabu yake, na siku hiyo mkubwa wangu alikuwa mgonjwa, kwa hiyo nikasimama mimi. Nilikuwa nimenyoosha shati usiku. Nikasoma mali iliyoingia, mali iliyotoka, nikafika kwenye pesa: shilingi elfu sitini na sita. Wewe unajua ninavyolitamka neno shilingi. Mjaluo aliyekulia kijijini, hiyo "sh" haimo kinywani. Nikaona meneja anauma midomo. Halafu mtu wa nyuma akaita, "Ojwang!" na chumba kikapasuka kwa kicheko.

Sikuwa nikimwiga mtu. Nilikuwa nikisoma hesabu, na hesabu ilikuwa sahihi mpaka senti ya mwisho. Ile ilikuwa sauti yangu, niliyopewa na mama yangu ambaye wewe umebeba jina lake. Tangu siku hiyo nikawa Ojwang pale kazini, hata kwa aliyetuletea chai. Nilipoomba kuhamia idara ya mauzo niliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba wateja watacheka. Miaka mingi imepita na nikiandika haya mkono bado unakuwa mzito.

Kwa hiyo usifikiri sielewi wanachokisema wenzako. Wana hoja. Mwigizaji akichukua sauti ya watu, hiyo sauti haibaki studio. Inatoka nje, inamfuata mtu ambaye hakuomba kuchekesha.

Sasa sikiliza upande wa pili. Desemba moja tulikwenda nyumbani Ahero, kule Kano. Babu yako, baada ya kustaafu reli, alikuwa na ile televisheni ndogo ya Great Wall, ya rangi nyeusi na nyeupe, inayotumia betri ya gari, na betri ilipelekwa sokoni kwa baiskeli ikachajiwe. Watu walijaa sebuleni hadi mlangoni. Vitimbi ikaanza na sikuweza kuizima, si nyumba yangu. Nikamtazama babu yako badala ya kuitazama televisheni. Alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini. Ojwang akaulizwa jambo na Mama Kayai, akavuta koti, akatoa mlio kooni kabla ya kujibu. Mzee akapiga paja. "Huyu ni mtu wa Kano," akasema. "Sikia anavyovuta pumzi anapotafuta uongo. Baba yangu alivuta hivyohivyo."

Nikamwambia jina la mtu yule ni Wanjau. Nadhani nilitaka achukie, ili nisiwe peke yangu. Hakuchukia. Alikaa kimya mpaka kipindi kikaisha, watu wakaanza kutafuta viatu vyao mlangoni, ndipo akaniuliza, "Alikaa kwa nani?"

Sikumwelewa. Akaeleza kama anayemweleza mtoto. Kubadilisha "sh" ikawa "s" kila mlevi anaweza. Lakini kujua mzee wa Kijaluo anavyonyamaza, anavyolivuta neno la mwisho anapotaka heshima na mfukoni hana kitu, hilo hulipati njiani. Lazima umekaa nyumbani kwa mtu, umekula naye, umemsikiliza hata anapogombana na mkewe. Na humsikilizi hivyo mtu unayemdharau, huwezi kuvumilia. Babu yako aliondoka duniani akiamini hivyo, na mimi nimeamini tangu siku ile: mwigizaji anaanzia masikioni. Nilikwambia ulipokuwa na mchezo wa shule ya msingi, nikakwambia ulipochukua kozi ya uigizaji badala ya ile ya ualimu, na leo nakwambia tena. Masikio kwanza.

Lakini mara nyingine usiku najibishana na mzee. Namwambia, baba, wewe hukuwa kwenye ule mkutano. Mapenzi ya Wanjau kwa sauti yetu hayakunisaidia mbele ya meneja. Halafu najijibu: Wanjau hakumtuma meneja acheke. Yule aliyeita "Ojwang" kutoka nyuma angenicheka kwa jambo lingine. Halafu tena najiuliza, angepata wapi jina la kunirushia? Sijalimaliza shauri hili.

Jambo moja najua. Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, tulipokuwa tumelala kanisani pale Nakuru na mablanketi ya watu, na kila mtu akipima jina la mwenzake kabla ya kumwomba maji, nilimkumbuka. Nikawaza, kuna Mkikuyu ambaye amebeba sauti yetu mbele ya nchi nzima miaka yote hii, na hakuna Mjaluo aliyemwambia airudishe. Mimi niliyekuwa nikiizima televisheni, nilitamani siku hiyo kumsikia.

Na alipofariki tarehe 12 Julai 2015, katika Hospitali ya Kenyatta, akiwa na miaka 78, mjomba wako alinipigia simu kutoka Kisumu kunipa pole. Pole kabisa, kama ya msiba wa ukoo. Nami nikaipokea.

Kabla ya hapo, unakumbuka, macho yalikuwa yamemsumbua na maisha yamekuwa magumu, Wakenya wakamchangia pesa kwa simu atibiwe. Mama yako alituma. Mimi pia nilituma, kila mmoja bila kumwambia mwenzake. Lile liliniuma kwa namna nyingine. Uso uliojulikana na kila nyumba yenye televisheni, na uzee wake ukategemea mchango. Kwa hiyo hata kabla ya lafudhi, soma mkataba. Uliza kipindi kikirudiwa unalipwa nini, kikiuzwa nje au kuwekwa mtandaoni unalipwa nini, na waandike, wasikwambie kwa mdomo. Kama hujajiandikisha PRISK, chama cha haki za wasanii, jiandikishe. Wanaokusanya haki za waigizaji hawawezi kumkusanyia mtu wasiyemjua.

Sasa swali lako. Mimi nakuuliza la babu yako: kwa Wakamba, wewe ulikaa kwa nani? Jibu unalo. Dada aliyekulea, yule wa Mwingi, uliishi mgongoni mwake kabla hujajua kutembea. Ulimsikia akihesabu mshahara wake chini chini, akiimba akifua, akinyamaza mama yako akipaza sauti. Alikuwa na lafudhi, ndiyo, lakini akiwa na huzuni ilikuwa nyingine, na akiwa na hasira alikuwa haongei kabisa. Je, huyo msichana wa kwenye skripti ana hasira? Kuna mahali popote anaposema jambo na hakuna anayecheka? Au ameingizwa kwenye kila ukurasa ili atamke neno vibaya, watu wacheke, atoke? Ikiwa ni hivyo, hata ukiigiza kwa mapenzi yote utakuwa unampa mtu wa nyuma jina la kurusha.

Mama yako amesema nikuandikie ukubali, basi. Anasema kazi haziji kila siku na wewe si mtu wa kumdhihaki mtu. Mimi nina neno langu, liko tayari kabisa, na kulizuia kunanichosha. Lakini ukiwa mbele ya kamera ni kinywa chako, si changu, na ukienda kwa sababu baba alisema, utasita katikati ya sentensi, na hao mafundi wa sauti wataisikia hiyo kusita. Nitumie skripti. Nikishaisoma huenda nikashindwa kujizuia.

Nambari ya dada bado ninayo, anauza nguo Mwingi mjini siku hizi na amekuwa bibi wa wajukuu. Mpigie kabla ya kutia sahihi. Msomee mistari yako kwa simu, yote, pamoja na ile unayoona haya kuisoma, halafu unyamaze umsikilize. Usimpigie Jumatano, ni siku yake ya kwenda kuchukua mzigo Nairobi.

Baba yako