Maswali na majibu: Usitupe dawa kwa sababu umelala vizuri

Karibu nusu ya maswali ya wiki hii kuhusu magonjwa ya akili ni swali moja lililobadilisha nguo. Naanza nalo nilimalize.

Mama Fundi, nimemeza dawa miezi 5. Sasa nalala, nakula, nimerudi kazini. Niache? (Kadutu, Bukavu)

Nimelijibu mara ngapi hili? Unalala kwa sababu unameza.

Kwa wageni, nirudie. Mimi ni fundi wa cherehani, na ugonjwa wangu ni ule wa kupanda na kushuka: kuna wiki najiona naweza kuwashonea Bukavu nzima, na kuna miezi sina nguvu hata ya kuoga. Mara ya kwanza nilipotulia nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Wamama wakapiga vigelegele. Jioni nikamwaga vidonge chooni, kwani niliona aibu kuendelea kumeza baada ya vigelegele vile. Wiki ya sita usingizi ukakatika. Usiku wa tatu nilishona sketi 9 za shule, za buluu, saizi moja, na hakuna aliyekuwa ameziagiza. Kitambaa kilikuwa cha kwaya. Asubuhi nikazigawa njiani. Kaka yangu akanipeleka SOSAME, kituo cha wagonjwa wa akili cha hapa Bukavu, na deni la kile kitambaa nililipa mwaka mzima.

Dawa hupunguzwa polepole, na anayeipunguza ni aliyekuandikia. Hata kwa sonona, waganga wa hospitali hukuomba uendelee miezi 6 au zaidi baada ya kupata nafuu. Wewe unahesabu miezi 5 tangu ulipoanza kumeza. Hesabu yako imeanzia pabaya.

Je, kifafa kinaambukiza kwa mate? Wifi yangu anakula sahani yake peke yake.

Hapana. Mrudisheni mezani leo.

Kijana wangu wa miaka 22 anasikia sauti. Yuko chumba cha maombi, wiki ya tatu sasa. Wamemfunga mikono kwa kamba na hapewi chakula mpaka pepo atoke. Nifanyeje, Mama?

Mama mwenzangu, usingoje Jumapili. Nenda leo na mjomba wake, au yeyote anayesikilizwa katika ukoo, mkamfungue. Angalia mikono: kama imevimba, imekuwa ya baridi au ina ganzi, anza na hospitali iliyo karibu. Mpe maji kidogo kidogo, na uwaambie waganga amekaa siku ngapi bila kula. Kisha hapa Bukavu kuna SOSAME, na walio Goma wana kituo kama hicho, Tulizo Letu. Vyote viwili ni vya Mabruda wa Upendo, watawa wa Kikatoliki wanaosali kuliko sisi, na bado wanatoa dawa.

Sisemi asiombewe. Mimi naombewa kila Ijumaa, na mchungaji wangu akimaliza kusema amina ananiuliza kama nimemeza. Muogope yule anayetaka mgonjwa akae na njaa. Mwenye njaa hana nguvu ya kubisha, halafu ule unyonge wake unaitwa utulivu.

Na hujaniuliza, ila nakuonya: dawa za kunyamazisha sauti, kama haloperidoli, zinaweza kupinda shingo, kufanya ulimi kuwa mzito, au kuvuta macho yatazame juu. Jirani atakwambia pepo amerudi. Hiyo ni dawa, na iko dawa nyingine ya kuilegeza. Mrudishe hospitali siku hiyohiyo. Mimi ilinishika mguuni: nilikanyaga pedali ya cherehani hata pasipo kitambaa chini ya sindano, siwezi kukaa, siwezi kusimama. Mikono ikatetemeka hadi nikashindwa kutunga uzi. Nilirudi nikasema, wakapunguza dozi. Ningetupa tena, ningegawa tena sketi.

Tangu vita vya Januari 2025, mlango ukibamizwa najikuta chini ya kitanda. Farmasi ya jirani wananiuzia Valium, vidonge viwili viwili. Ni wazimu huu? (Goma)

Si wazimu. Mwili wa mtu wa Goma umefunzwa kukimbia kwanza na kufikiri baadaye. Tarehe 22 Mei 2021 ulikuwa mlima Nyiragongo uliolipuka, siku zilizofuata matetemeko, kisha bunduki. Hofu ya namna hii kwa wengi hupungua usalama ukirudi. Usalama wenyewe usiporudi, sitakudanganya, ni kazi ngumu zaidi. Kama miezi inapita na bado unaota yaleyale au unakwepa njia fulani, tafuta mshauri aliyesomea kazi hiyo. Kwa sasa, ukishtuka, weka kiganja kwenye ukuta wa mawe ya volkano, usikie ukali wake, utaje kwa sauti unachokiona: bati, ndoo, chukudu ya jirani, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Vuta pumzi, na uitoe taratibu kuliko ulivyoivuta.

Sasa hiyo Valium. Wiki za mwanzo utalala. Baadaye kimoja hakitoshi, na ukikikosa hofu inarudi maradufu. Ukichanganya na pombe kama kasiksi au kanyanga, pumzi inaweza kusimama usingizini. Na kama umezoea kwa miezi, usiikate ghafla, unaweza kupata degedege; mwone muganga akupunguzie. Anayekuuzia viwili viwili anahesabu makuta, hahesabu wiki.

Nimwambie mchumba wangu kwamba nameza dawa za kichwa? (Lubumbashi)

Mwambie kabla ya mahari. Na kama dawa yako ni Depakine, ile ya kifafa na ya ugonjwa kama wangu, zungumza na muganga kabla ya kufikiria mimba, maana inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Karbamazepini, dawa nyingine ya magonjwa hayohayo, nayo hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Uliza wewe, usingoje kuambiwa.

Nile nini akili itulie?

Bugari, sombe, sambaza, kwa saa zilezile. Halafu ulale. Unga wa mizizi unaotangazwa kwenye simu, waachie wanaouuza.

Mama, na wewe utapona kabisa lini?

Jana nilizima taa saa 3 usiku. Kulikuwa na sketi moja ambayo upindo wake haujaisha. Asubuhi niliikuta palepale kwenye mashine.