Mvumo na Mikwaruzo ya Redio Baada ya Matengenezo ya Umeme wa Gari

SWALI: Gari langu ni Toyota iliyoagizwa kutoka Japani ikiwa imetumika. Hivi karibuni fundi umeme aliishusha alteneta akaitengeneza, na siku hiyohiyo nikabadilishiwa plagi. Tangu hapo redio ina mvumo unaopanda kila ninapokanyaga mafuta, na stesheni za mbali zimejaa mikwaruzo. Fundi ananishauri ninunue redio nyingine kwa kuwa hii imechoka. Je, ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usinunue redio kwa sasa. Redio iliyokuwa ikisikika vizuri kabla ya gari kuingia gereji haichoki kwa siku moja, hivyo chunguza kwanza vile vilivyoguswa. Na kwa maelezo yako, huenda yapo matatizo mawili yaliyoingiliana.

Tuanze na mvumo. Chomeka flashi, punguza sauti kabisa, kisha kanyaga mafuta taratibu gari likiwa limesimama. Mvumo ukisikika hata hapo, hauingii kupitia antena bali kupitia nyaya za umeme. Alteneta huzalisha mkondo geu, na diodi zilizomo ndani yake huugeuza kuwa mkondo mnyoofu. Diodi moja ikifa, alteneta huweza kuendelea kuchaji na taa ya betri isiwake, lakini mabaki ya mkondo geu hupenya hadi kwenye spika. Kwa hiyo fundi akikuonyesha volti 14 kwenye betri, hajathibitisha kwamba alteneta ni nzima. Mwombe aigeuze mita ipime mkondo geu, injini ikinguruma na taa kubwa zikiwaka, na kipimo kikizidi nusu volti alteneta ifunguliwe tena.

Hata hivyo, kabla ya kuifungua, kagueni waya wa ethi unaounganisha injini na bodi, kwa sababu mara nyingi hufunguliwa wakati wa kazi kama hiyo na kurudishwa juu ya rangi, grisi au kutu. Sehemu hiyo ipigwe msasa mpaka chuma king'ae, ndipo nati ikazwe. Nakusihi pia umzuie fundi yeyote anayetaka kuchomoa betri injini ikiwa inanguruma ili kuipima alteneta. Volti hupanda ghafla, na diodi pamoja na kompyuta ya gari huweza kuungua papo hapo.

Mikwaruzo ya stesheni za mbali naihusisha zaidi na plagi. Kila cheche hutoa mawimbi ya redio, na ndiyo maana plagi nyingi huwa na kizuizi ndani yake, kwa kawaida cha takriban oomu 5,000. Kwenye plagi za NGK kizuizi hicho huonyeshwa kwa herufi R, kama katika BKR5E. Ukifungiwa plagi zisizo nacho injini itawaka vizuri tu, ila redio itapokea kila cheche, na stesheni za mbali ndizo huumia kwanza kwa kuwa mawimbi yake hufika yakiwa dhaifu. Chomoa plagi moja uisome.

SWALI: Nimebadilisha betri, na sasa redio haipati stesheni nilizozihifadhi. Nifanye nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Betri ilipotolewa, kumbukumbu ya redio ilifutika. Redio nyingi za Japani hupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108, kwa hiyo hufungwa kisanduku cha kushusha masafa kwenye waya wa antena. Kikishusha kwa megahezi 16, stesheni ya 98.0 utaikuta kwenye 82.0, itafute hapo uihifadhi upya. Usipopata chochote, angalia fyuzi ya redio na waya mwembamba unaokipa kisanduku hicho umeme, maana bila volti 12 hakifanyi kazi.