Pikipiki ya Zamani Imeng'aa Lakini Haiwaki: Anza na Arthi

Ujumbe unaoletwa na wasomaji mara nyingi kuliko mwingine wowote ni huu: pikipiki ya zamani imefunguliwa yote, fremu imepakwa rangi, injini imefungwa upya, plagi na betri ni mpya, lakini kiki inapigwa mpaka mguu unauma na haiwaki. Halafu linakuja swali: "Ninunue koili gani?" Usinunue chochote bado. Pikipiki iliyotoka kufufuliwa ina magonjwa yake, na mengi yameletwa na kazi hiyohiyo ya kuifufua.

La kwanza ni rangi. Kwenye mfumo wa pointi, umeme unatoka kwenye betri, unapita swichi, koili (inayopandisha volti ili cheche iruke) na pointi (vichuma viwili vinavyofunga na kufunguka kuamua lini cheche itoke), kisha unarudi kwenye betri kupitia chuma cha injini na fremu. Rangi ya unga, ile ya kuokwa kwenye tanuri, haipitishi umeme. Ukiifunga injini na waya wa arthi juu yake, njia ya kurudi umeiziba. Kwangua mpaka chuma kionekane pale boliti ya arthi inapokaa, au bora zaidi, vuta waya mnene kutoka kwenye injini moja kwa moja hadi kwenye betri.

Kisha pima. Washa swichi pointi zikiwa zimefunga, weka waya mmoja wa mita kwenye injini na wa pili kwenye kichwa cha betri cha upande wa arthi. Ikizidi volti 0.2, arthi bado ni mbovu. Hamia upande wa pili: kati ya kichwa cha betri kisicho cha arthi na mguu wa koili unaopokea umeme, usikubali zaidi ya volti 0.5. Swichi kuukuu yenye kutu ndani inaweza kula volti nzima, na kwa pikipiki ya volti 6 hiyo ni sehemu moja ya sita ya nguvu yote. Pima haraka, kwa sababu koili ya ohm 4 kwenye volti 12 inapitisha ampea 3 muda wote pointi zikiwa zimefunga, nayo inachemka. Jambo lingine: Triumph, BSA na Norton nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zina arthi ya chanya, yaani kichwa cha chanya cha betri ndicho kinachofungwa kwenye fremu. Ukigeuza betri kwa mazoea, unaua daiodi (kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu).

Sasa pointi, na hapa tusikimbie. Pointi mpya huja zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu, kwa hiyo zifute kwa kitambaa chenye thina, kisha pitisha kadi safi katikati yake. Ingiza kipande cha karatasi kati ya pointi na upime kama mguu wa pointi unaoshika waya bado unagusa arthi. Ukigusa, kuna vosha ya plastiki uliyoipanga vibaya, au kondensa (kikopo kidogo kinachozuia pointi zisiungue kwa moto) imekufa kwa ndani. Chomoa waya wa kondensa upime tena, utajua ni ipi. Kosa la vosha moja linatosha kuzima cheche kabisa, na watu wanabadilisha koili mbili kabla ya kuliona.

Zungusha krenki mpaka pointi zifunguke mwisho wake, uweke nafasi kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Pikipiki nyingi zinataka milimita 0.35 hadi 0.40, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho kinachoamua. Nafasi kwanza, taimingi (wakati cheche inapotoka) baadaye, usibadilishe mpangilio huo: ukiongeza nafasi, pointi zinawahi kufunguka na taimingi inasogea mbele.

Kwa taimingi, chukua balbu ndogo ya volti za betri yako, waya mmoja kwenye mguu wa pointi, wa pili kwenye injini. Washa swichi, zungusha krenki taratibu kwa mwelekeo wa kawaida. Balbu iwake alama ya F, ile inayoonyesha mahali pa cheche, inapokutana na mstari wa kwenye kava. Ikiwaka mapema, kiki itarudi kwa nguvu na kuumiza kifundo cha mguu. Kabla ya kulaumu sahani ya pointi, kagua vile vyuma vidogo vinavyosogeza taimingi mbele injini ikishika kasi. Grisi ya miaka mingi huviganda vikiwa vimefunguka, na hapo hakuna marekebisho yatakayosaidia.

Kondensa inajionyesha yenyewe. Kwenye giza, pointi zinazotoa vicheche vidogo vya bluu ni sawa. Zikirusha moto mkubwa wa njano, kondensa imekwisha. Thamani yake huwa karibu na maikrofaradi 0.2.

Pima pia kofia ya plagi, ambayo wengi huiruka. Ya ohm 5,000 ikisoma 20,000 au isisome kabisa, tupa. Na ukiweka plagi yenye herufi R, yaani yenye ukinzani ndani, kama BR8ES ya NGK mahali pa B8ES, pamoja na kofia yenye ukinzani, umejumlisha vizuizi viwili kwenye koili ambayo tayari ni mzee.

Cheche nzuri ni ya bluu, ina mlio, na inaruka milimita 5 au 6 hewani. Ile nyembamba ya rangi ya machungwa inaweza kuonekana nje lakini ikafa ndani ya silinda, maana hewa iliyobanwa ni ngumu kurukwa. Plagi ya majaribio iwe mbali na tundu, mvuke wa petroli unawaka.

Cheche ikiwa nzuri na plagi inatoka kavu, safisha jeti ndogo ya kabureta. Ikitoka imelowa, ikaushe, fungua akseleta yote, piga kiki bila choki. Ikipiga chafya kwenye kabureta, hakiki taimingi upya, pamoja na nafasi za vali.

Ikiwaka vizuri ikiwa baridi halafu ikazima ikipata moto, usiipumzishe. Chukua mita hapohapo uipime koili ikiwa bado ya moto: waya uliokatika ndani hugusana tena ukipoa, na kipimo cha kesho asubuhi kitakuambia koili ni nzima.