Jibu: Laptop inayochukua dakika nane kuwaka

Pole ndugu yangu. Umesema laptop yako ya Windows 10 yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 4 inachukua dakika nane mpaka uweze kuitumia, na fundi kakwambia uongeze RAM. Usinunue kitu kwanza.

Ikishawaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager lifunguke, kisha tazama safu ya diski (Disk). Ikiwa imeganda kwenye 100% huku CPU (kichakataji) iko chini, mchawi ni diski yenyewe. Zile diski za kuzunguka, ambazo kwenye laptop nyingi huenda mizunguko 5400 kwa dakika, kichwa chake huhangaika huku na huku kutafuta maelfu ya mafaili madogo. Tega sikio pale unapolaza kiganja ukichapa. Ukisikia ka-ka-ka, kimya, halafu tena ka-ka-ka, huenda diski inakaribia kufa, basi hamisha picha na kazi zako leo hii kabla ya jambo lingine lolote. Nasisitiza kwa sababu mimi nilichelewa, picha zote za harusi ya dada yangu zikapotea.

Dirisha hilohilo lina sehemu ya Startup. Zima programu zinazojiwasha bila sababu, ila antivirusi iache.

Kama ni diski, weka SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Laptop nyingi za zamani hupokea ya SATA (aina ya kiunganishi) ya inchi 2.5, na GB 256 inatosha. Yangu ilitoka dakika sita ikawa kama sekunde 25, RAM ileile.

Ukishatazama, tuandikie umeona asilimia ngapi.