Wewe unayeanza kushona pindo la tandiko, geuza kazi uangalie nyuma

Wengi wanaoanza kushona pindo la tandiko la farasi hukaza macho mbele, upande utakaoonekana. Mimi kazi ya mwanafunzi naigeuza kwanza. Nyuma ndiko utakuta utepe ambao sindano haikuushika, au mstari unaopanda na kushuka kama njia ya mchwa.

Pindo ni utepe mwembamba wa ngozi unaokunjwa juu ya ukingo, hasa ule wa sehemu iliyoinuka nyuma ya mpandaji. Kila tundu lipite matabaka matatu: utepe wa mbele, ukingo wenyewe, kisha utepe wa nyuma. Tundu likitokea nje ya utepe huo wa mwisho, hapo hujashona kitu, hata kama mbele panapendeza.

Chagua ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, upunguze kingo za utepe kwa kisu kikali. Uloweshe, kisha uuache mpaka rangi yake ya awali ianze kurudi. Wakati huo ngozi inakubali kuvutwa kwenye kona bila makunyanzi, na ikikauka hunywea na kubana ukingo. Usiwe na haraka hapa. Niliwahi kushona pindo likiwa bado majimaji. Uzi ulizama ukaikata ngozi, nikafumua kazi ya siku nzima. Tena usiache chuma kitupu juu ya ngozi yenye unyevu. Tanini, ile dawa ya magome iliyomo, ikikutana na chuma huacha doa jeusi.

Uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki unatosha. Kata urefu wa mara nne ya mshono wako, na ngozi ikiwa nene uongeze. Ni uzi mmoja wenye sindano mbili butu, moja kila ncha, na zote mbili hupita katika kila tundu zikipishana. Ndiyo maana uzi ukikatika upande mmoja, ule wa pili bado umeshika. Mshono wa cherehani hauna kinga hiyo, na tandiko hubeba uzito wa mtu.

Kazi ya kutoboa ni ya msharasi, chuma chenye ncha kali na mpini, si ya sindano. Uma wa chuma wenye meno ya kupimia mishono utumie kutia alama tu, mishono 8 hivi kwa inchi, kisha toboa tundu moja na ulishone papo hapo, kwa kuwa ngozi yenye unyevu hujifunga upesi. Mkono wa nyuma ushike kipande cha koki, ile ya vizibo vya chupa, kuipokea ncha ya msharasi, na kidole kijifunze kuhisi inapotaka kutokea. Sindano ya pili ikiingia, vuta kidogo uzi wa kwanza ujue haujachomwa. Uliochomwa haukazi, na kuutoa ni taabu.

Kinachowasumbua wengi zaidi ni mzingo. Kwenye sehemu iliyonyooka mkono umeshazoea pembe moja, basi ukingo unapoanza kupinda, mkono unabaki palepale na ncha inatokea chini ya mstari. Kukunja kifundo cha mkono hakusaidii. Sogea wewe mwenyewe, au zungusha tandiko, kila baada ya mishono miwili mitatu, ili msharasi uukabili ukingo sawasawa. Mwanzoni utajiona unapoteza muda kwa kusimama na kukaa, lakini sijaona njia nyingine inayofaa.

Kaza kwa mikono yote miwili kwa nguvu sawa, mpaka uzi ulale. Mwishoni rudi nyuma mishono mitatu, kata uzi karibu kabisa na ngozi. Fundo halihitajiki.

Kabla ya kugusa tandiko lenyewe, chukua mabaki ya ngozi yaliyopinda, yashonee pindo la shibiri mbili, uyageuze. Palipoyumba pawekee alama ya kalamu, ukumbuke ulikuwa umekaaje ulipofika hapo, kisha chukua kipande kingine.