Futeni hiyo alama ya kiti cha magurudumu mpaka njia ipimwe

Mkuu, msimamishe mpiga chapa kwanza. Umesema kikundi chenu kinatoa mwongozo wa wageni wa msitu wa Karura jijini Nairobi, kopi 2,000 ziko njiani kwenda kuchapwa, na umeuliza mambo mawili: karatasi gani, na kiingilio kiandikwe ukurasa upi. Halafu ukabandika rasimu. Mstari wake wa pili unasema "njia zote kuu ni tambarare na zinafikika kwa watu wote", na pembeni kuna alama ya kiti cha magurudumu. Mwinuko, umesema, mmeutoa kwenye programu ya simu. Huo mstari ndio utakaowagharimu. Makosa mengine yote yanavumilika.

Mtu anayetumia kiti akiusoma, anauamini na kupanga siku nzima juu yake: teksi yenye buti la kutosha, msaidizi wa kumlipa, ruhusa kazini. Anafika, anasukuma mita mia tatu vizuri kabisa, kisha anakutana na kipande cha mita kumi cha udongo mwekundu kilichoinama na kulowa. Hawezi kupanda, na kugeuka hapo penyewe ni hatari kwa sababu kiti kinavutwa upande wa bondeni. Njia ina ubora wa kipande chake kibaya zaidi. Mita mia tatu nzuri hazimsaidii mtu aliyekwama kwenye mita kumi.

Na hapo ndipo simu inapodanganya. Programu inachukua kupanda kote na kukugawia kwa urefu wote wa njia. Chukua njia ya mita 400 inayopanda mita 4. Wastani ni 1 kwa 100, yaani unapanda mita 1 kila mita 100, unaona tambarare. Lakini kama zile mita 4 zote zinapandwa ndani ya mita 32 baada ya daraja, pale ni 1 kwa 8, na hapo hata mtu mwenye mikono ya nguvu anahitaji wa kumsukuma. Tena chini ya miti minene GPS ya simu hupotea kwa mita kadhaa, kwa hiyo hata hicho kipande hakitaonekana mahali pake.

Vifaa vya kupimia ni vya fundi yeyote wa ujenzi: ubao mnyoofu wa sentimita 120, pimamaji, tepu, daftari. Watu wawili wanatosha. Laza ubao kufuata njia, pimamaji juu yake, inua ncha ya upande wa chini mpaka kiputo kikae katikati, kisha pima nafasi kati ya ncha hiyo na ardhi. Sentimita 6 ni 1 kwa 20, na wengi wanaotumia kiti cha kusukuma kwa mkono watapita. Sentimita 10 ni 1 kwa 12, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachotumika kwa rampu za majengo, tena kwa sharti la kuwa na sehemu bapa ya kupumzikia kila baada ya mita 9 hivi. Ikizidi 10, andikeni wazi kwamba panahitaji msaidizi. Ikifika 15, msimpeleke mtu pale. Pimeni kila mita 20, na kila mahali mguu wako unapohisi mabadiliko.

Kisha geuza ubao uwe wa kukingama njia. Hiki kipimo wengi hawakijui kabisa. Njia ikiinama pembeni zaidi ya sentimita 2.4 kwenye ubao huo, yaani asilimia 2, kiti kinaanza kwenda kando chenyewe na mtu anasukuma kwa mkono mmoja huku wa pili ukizuia. Njia za msituni nyingi zimeinamishwa makusudi ili maji yatoke, na kwa anayetembea kwa miguu hilo halionekani.

Upana pimeni penye ufinyu kabisa. Sentimita 90 apite mmoja, 150 aweze kugeuka, 180 wapishane wawili. Angalieni hasa vile vyuma vya kuzuia bodaboda kwenye malango na madaraja, maana vingi vinampitisha mtu kwa zigizaga na kiti hakikati kona hiyo. Angalieni pia wavu wa mtaro na mbao za daraja: mwanya ukizidi sentimita 1.3 na ukielekea upande mmoja na mwendo, gurudumu dogo la mbele linazama. Kizingiti cha zaidi ya kimo hicho hicho kinalisimamisha. Na tawi lililo chini ya sentimita 210 liandikwe, kwa sababu fimbo nyeupe inagusa ardhi, haimwambii asiyeona kilicho usawa wa paji la uso.

Pimeni mara mbili. Mara moja Agosti kukiwa kukavu, mara nyingine Aprili au Mei, siku moja baada ya mvua kubwa. Mvua ya Aprili haisomi kipeperushi. Ule udongo mwekundu ukiwa mkavu ni kama saruji, ukilowa unateleza na kushika magurudumu, kwa hiyo njia moja inahitaji maelezo mawili.

Sasa, najua hiyo alama imetoka wapi, kwa sababu ushauri huu unazunguka mji mzima. Kuna wabunifu wa vipeperushi na washauri wa miradi wanaokwambia "weka tu alama ya kiti, wafadhili wanaipenda". Wanakuuzia alama kama pambo la ukurasa. Hawajawahi kuinama na tepu, na mgeni akikwama wao hawapo. Inaniudhi sana, kwa sababu huu si msitu wa mtu binafsi. Januari 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alipasuliwa kichwa kwenye lango la msitu huu akiupigania ubaki wa umma. Na Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote kwa kadiri inayofaa, na haki ya kupata habari. Mwongozo wenu ni habari. Ukiwa wa uongo, mmemnyima habari na mahali kwa mpigo mmoja.

Kanuni ni moja: sentensi isiyo na kipimo, tarehe na mtu aliyeikagua kwa miguu au kwa magurudumu haiingii kwenye mwongozo. "Rahisi", "tambarare" na "inafaa kwa wote" zitoke zote. Mahali pake andikeni hivi (tarakimu ni za mfano tu):

"Kutoka langoni hadi choo: mita 340. Kokoto iliyoshindiliwa, mita 60 za mwisho udongo mtupu. Ufinyu mkubwa: sentimita 95, penye vyuma vya pikipiki. Mteremko mkali zaidi: 1 kwa 10 kwa mita 14, baada ya daraja, panahitaji msaidizi. Baada ya mvua: utelezi kwenye udongo. Benchi ziko mita 120 na mita 260, ya pili haina egemeo. Choo: mlango sentimita 82, unafunguka nje, chuma cha kushikia upande wa kulia tu. Imekaguliwa Juni, na anayetumia kiti na asiyeona."

Msomaji akishaona hivyo anaamua mwenyewe. Mwenye kiti cha injini atasema napita, mwenye goti bovu atahesabu benchi, mama mwenye kigari cha mapacha atajua kama vyuma vinampitisha. Hamtakiwi kuwaamulia, na ndiyo maana alama peke yake haitoshi.

Hao wakaguzi walipwe: siku yao, nauli na chakula. Mtu anayekuonyesha kasoro ambazo macho yako hayazioni anafanya kazi ya kitaalamu. Na maporomoko yako chini bondeni kwenye Mto Karura, kwa hiyo msijilazimishe kuyaandika kama yanafikika. Semeni ukweli, kisha mtafute kipande kingine kizuri kinachopitika na mkieleze kwa heshima ile ile, kwa picha kubwa kama ile ya maporomoko.

Kuhusu kufika: msiandike "geti la Karura" tu. Msitu una zaidi ya hekta 1,000. Anayeshukia Kiambu Road na anayeshukia Limuru Road wako mbali sana, na kipande cha Sigiria kiko ng'ambo ya Limuru Road. Taja barabara, mahali pa kushuka matatu, na umbali kutoka hapo hadi langoni, nao umepimwa. Makutano ya njia mle ndani yana vibao vya namba. Tumieni namba hizo hizo kwenye maelezo, msibuni majina yenu, maana mtu akipotea atapiga simu akisoma kibao.

Kiingilio kisichapwe kabisa. Mwaka 2025 ilitolewa amri malipo ya Karura yahamie eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, mambo yakafika mahakamani. Kipeperushi chenye bei na njia ya kulipia kingekuwa takataka ndani ya wiki. Bei na saa ziwe kwenye ukurasa wa intaneti, na msimbo wa QR uelekee kwenye anwani mnayoimiliki wenyewe. Ile misimbo ya majaribio ya bure huisha muda na kopi zote hufa pamoja nayo. Msimbo uliochapwa usipungue sentimita 2 kila upande, na anwani yenyewe iandikwe chini yake kwa herufi.

Huo ukurasa uwe wa maandishi ya kawaida. PDF iliyotengenezwa kwa picha ni karatasi tupu kwa programu inayomsomea asiyeona. Jaribio ni rahisi: bonyeza neno kwenye simu uone kama linachagulika. Halichaguliki? Halisomeki.

Karatasi: gramu 130, isiyong'aa, kwa sababu inayong'aa haisomeki juani. Herufi zisiwe chini ya pointi 14. Njia kwenye ramani zitofautishwe kwa mistari ya aina mbalimbali, si kwa nyekundu na kijani peke yake.

Mpigie mpiga chapa leo kabla hajatengeneza pleti za kuchapia. Mwambie akutolee kopi 100 za mashine ya kidijitali, zenye yale tu mliyokwisha kuyapima, hata kama ni njia moja. Hizo 1,900 zisubiri mkague mara ya pili kwenye masika.